Mwalimu Agneta na Jezi Zilizorudi Kavu

Mchungaji wetu, ndugu, jamaa na majirani, ninyi mliotoka zamu mkaja moja kwa moja na sare zenu mwilini, ninyi mliomwomba madam au sir ruhusa mkapewa saa moja tu, nanyi jamaa zetu wa mtaa wa Rashidiya mliokuja nyumba nzima, wakubwa shikamooni na assalamu alaykum, familia inawashukuru kabla ya neno lingine lolote, kwa maana marehemu alikuwa na tabia ya kuingia mahali na kutazama kwanza nani amekuja, nani ameketi wapi na nani amesimama kule nyuma kwa haya, ndipo afungue kinywa. Anayesoma historia hii ni Jotham, kitindamimba wa nyumba yao, na hakuchaguliwa kwa sababu ya sauti nzuri, jambo ambalo mtalithibitisha wenyewe muda si mrefu, bali kwa sababu kaka zake walioko nyumbani walisema yeye ndiye aliyeishi na dada huku Dubai, basi ayaseme aliyoyaona.

Agneta Kageha alizaliwa tarehe 14 Aprili 1979, kijijini Wodanga, Sabatia, katika eneo ambalo leo ni Kaunti ya Vihiga nchini Kenya, akiwa mtoto wa tatu kati ya sita wa marehemu mzee Ezra Vugutsa, aliyekuwa mkulima wa chai, na mama Rasoa Imali, ambaye wakati huu anatusikiliza kwa simu kutoka nyumbani, nasi tunasema, mama, pole, pole sana, Mungu akutie nguvu. Utotoni kaka zake wawili walifunga kamba ya katani kati ya mikaratusi miwili iliyokuwa nyuma ya nyumba, wakatengeneza uwanja wao wa mpira wa wavu, na kazi waliyompa dada yao ilikuwa kuokota mpira kila ulipoingia kwenye michai, kazi aliyoifanya kwa utiifu hadi alipotimiza miaka tisa, siku alipoupata mpira, akauweka chini, akaukalia. Alibembelezwa, akatishwa, akaahidiwa muwa, wapi, aliukalia tu mpaka ng'ombe wakarudi na mama akatoka kuuliza kulikoni, naye akasema hatainuka mpaka na yeye aitwe kucheza. Kuanzia siku ile alicheza, na wale kaka zake, ambao leo ni wazee wa kanisa wenye mvi na heshima zao, wanakiri kwamba aliwashinda mapema kuliko walivyopenda.

Alianza masomo katika shule ya msingi ya kijijini mwaka 1986 na kumaliza darasa la nane mwaka 1993, akaendelea na sekondari ya wasichana kuanzia Januari 1994 hadi Novemba 1997, ambako alikuwa nahodha wa timu kwa miaka miwili, kisha, baada ya kukaa nyumbani kidogo akichuma chai huku mzee akitafuta karo, alijiunga na Chuo Kikuu cha Kenyatta mwaka 1999 na kuhitimu shahada ya ualimu wa elimu ya viungo mwaka 2003. Mwezi Januari 2004 aliajiriwa kufundisha katika shule moja ya sekondari mjini Nakuru, na huko ndiko alikokutana na bwana Sammy Amugune, mhudumu wa mapokezi katika hoteli, mtu mpole wa maneno machache, ambaye anasema alimpenda Agneta siku alipomwona akimkemea refa. Walifunga ndoa tarehe 16 Desemba 2006, huko Sabatia, na Mungu akawabariki kwa mtoto wao Lynette, aliyezaliwa tarehe 3 Agosti 2008.

Sammy alitangulia Dubai mwaka 2010, alipopata kazi katika hoteli moja pale Al Rigga, na Agneta akamfuata mwezi Mei 2011, akimwacha Lynette kwa bibi yake hadi mwaka 2015, jambo lililomuuma sana na ambalo hakuwahi kulizoea, ingawa kwenye simu alikuwa akicheka tu ili mtoto asijue. Huku alianza kama mhudumu wa chumba cha mazoezi cha wanawake katika hoteli, akikunja taulo na shahada yake ikiwa kwenye sanduku chini ya kitanda, mpaka tarehe 1 Septemba 2014, alipoajiriwa kuwa kocha wa timu ya wanawake ya mpira wa wavu katika chuo kimoja binafsi hapa mjini, na wanachuo wakaacha kumwita kocha wakaanza kumwita Mwalimu, jina lililomkaa kuliko jina la ubatizo.

Mwaka 2019 aliongezewa jukumu katika idara ya michezo ya chuo hicho, na hapa tunaomba mtuvumilie tulieleze kidogo, kwa kuwa ndilo lililougeuza moyo wake. Ligi ya vyuo ambayo chuo chao kinashiriki hutaka kila mwaka idara ya michezo ya kila chuo ijipime yenyewe, ieleze ina watu wa aina gani, wanawake kwa wanaume, wa mataifa gani, wa dini gani, wenye ulemavu na wasio nao, na je, wote hao wana nafasi ya kweli au wanapamba picha tu, na Agneta ndiye aliyekabidhiwa kuifanya tathmini hiyo. Aliifanya kwa bidii, kwa maana hakujua kufanya kitu nusu nusu, na mwaka 2022 idara yao ikawa ya kwanza katika ligi nzima, ikapewa ngao nzito ya shaba, ambayo mkurugenzi wa michezo, bwana Musallam, aliiweka kwenye kabati la kioo mlangoni kabisa, mahali ambapo hata mtu aliyekuja kuuliza njia ya msalani angeiona. Bwana Musallam yuko nasi hapa, safu ya pili, na ametupa ruhusa ya kuyasema yote yanayofuata, akasema tusimfiche wala tusimpambe.

Katika timu ya Agneta alikuwapo binti aliyeitwa Khamisa, aliyejiunga na chuo mwezi Septemba 2021, mtoto wa Bi Badriya wa Rashidiya, ambaye wazee wake walitoka Unguja miaka mingi iliyopita wakaja kuishi huku, wakafa huku, na wajukuu wao wamezaliwa huku. Khamisa alipewa jezi namba kumi na moja na akakaa benchi, msimu mzima wa kwanza akakaa benchi, msimu wa pili ukaingia bado yuko benchi, anafika mazoezini kwa wakati, anakimbia, anaruka, anasaidia kufunga wavu, na siku ya mechi anaketi pale pale. Kwani Agneta alimchukia? Hapana, alimheshimu mno, na hapo ndipo palipokuwa na tatizo, maana alimsemesha Kiingereza cha mapokezi ya hoteli, unaendeleaje mpenzi, maji yapo, tafadhali karibu, kwa kuwa alipotazama aliona abaya, aliona dereva anayemleta na kumchukua, akaona jina la ukoo la Kiarabu, akahitimisha moyoni kwamba huyu ni binti wa wenyewe wa nchi, amekuja kujifurahisha, asije akaumia kidole tukaletewa maneno.

Mwalimu alikuwa na mazoea ya kukusanya jezi kwa mikono yake mwenyewe baada ya mechi, hakumwachia mtu, akizipokea moja moja mlangoni na kuzitia kwenye kapu la kufuliwa. Tarehe 7 Machi 2023, mechi ilipokwisha, alikuwa amesimama mlangoni na kapu lake, pembeni yake yuko mlinzi wa ukumbi, kijana wa Uganda aitwaye Nuwa, rafiki yake wa soga, na Khamisa alipofika akatoa jezi yake ikiwa imekunjwa vilevile kama alivyoipokea, kavu, hata alama ya pasi haijapotea. Agneta akaishika, akamgeukia Nuwa, na kwa Kiswahili, binti mwenyewe akiwa amesimama pale pale, akasema, "Huyu naye kila siku jezi kavu, watoto wa wenye nacho hawa, amekuja kupunga upepo tu," na Nuwa akacheka.

Khamisa hakuondoka, aliinamisha kichwa kidogo kama watoto wa kwao walivyofunzwa, akasema, "Shikamoo, Mwalimu. Upepo tunapunga kwetu Rashidiya, hapa nilikuja kucheza, ila hamjaniita bado."

Lahaula! Nuwa aliishika redio yake ya ulinzi akaanza kuizungusha vifundo kana kwamba imeharibika dakika ile ile, na Agneta, mwanamke aliyeukalia mpira mpaka ng'ombe wakarudi, akaitia ile jezi kavu kapuni, akaitoa, akaitia tena. Mwaka mmoja na nusu alikuwa amesema Kiswahili mbele ya binti huyo kana kwamba anasema mbele ya ukuta, akiwasimulia Wakenya wenzake vichekesho, akiwateta wachezaji, akilalamikia chakula cha kantini, na binti alikuwa anasikia yote, tena kwa Kiswahili safi kuliko cha mwalimu wake. Khamisa alikuja kusema baadaye kwamba mwanzoni alidhani mwalimu anajua, kisha alipogundua hajui aliona haya kwa niaba yake, na anakiri pia kwamba vile vichekesho vilikuwa vitamu, alikuwa akivicheka akifika nyumbani.

Jioni ile Agneta hakula. Sammy alimuuliza mara moja tu ana nini, naye akamweleza, kisha akasema maneno ambayo Sammy hajayasahau, kwamba, "Baba Lynette, leo mimi ndiye niliyemtuma mtoto wa watu kuokota mpira." Na kilichomchoma zaidi kilikuwa ile ngao ya shaba, kwa sababu yeye ndiye aliyeiandika tathmini iliyoileta, hakuhitaji kukumbushwa na mtu, alijua kwamba alimtaja Khamisa kwenye hesabu ya wachezaji Waarabu, akamtaja tena kwenye hesabu ya wenye asili ya Afrika, kama fomu yake ilivyosema, bila kuuliza ni Afrika ipi, akamtaja mara ya tatu kwenye hesabu ya wanaovaa hijabu, binti mmoja ameijazia idara sehemu tatu za sifa, na uwanjani hakuingia hata mara moja.

Jumamosi iliyofuata alifunga safari ya Rashidiya, akiwa amebeba sukari na majani ya chai ya kwao, maana Mmaragoli wa kwetu Sabatia haendi kuomba msamaha mikono mitupu, akakaribishwa ndani, akapewa kahawa na halua, akamwomba radhi Khamisa mbele ya mama yake bila kuzungusha maneno. Bi Badriya, ambaye yuko hapa nasi, alimsikiliza mpaka mwisho, akamwongezea halua, kisha akamwambia, "Mwalimu, radhi tumekupa, lakini mtoto hakuja kwako kutaka pole, kaja kutaka mpira, basi mpe mpira." Agneta alisimulia kwamba alirudi nyumbani kwa metro akicheka na kulia katika safari moja, mpaka abiria wa kiti cha pili akahama.

Sasa, kumpa Khamisa mpira lilikuwa jambo jepesi, kocha ni yeye, lakini ilikuwa imebaki tathmini ya mwaka ule, iliyotakiwa mwezi Mei, na Agneta akaandika ukweli, kwamba idara ina watu wa mataifa mengi wanaohesabiwa na wachache wanaochezeshwa, na mfano wa kwanza wa kosa alioutoa ulikuwa wa kwake mwenyewe, kwa jina lake kamili, na akapendekeza ngao ya mwaka uliopita irudishwe, kwa kuwa ilipatikana kwa hesabu ya vichwa. Bwana Musallam alimwita ofisini, akafunga mlango, akamwambia kwa upole, "Khalas, yatosha, Agneta, msichana mchezeshe, wengine uwachezeshe, andika idadi kama kawaida, na mwakani inshallah tutakuwa bora zaidi." Hakuwa mtu mbaya, alikuwa mtu mwenye wakubwa wake, na Agneta alilijua hilo.

Waombolezaji, wengi wenu mnajua visa ni nini, mnajua mtu akikosana na kafeel wake, mdhamini wa visa yake, kinachofuata ni sanduku, na Agneta alikuwa na kila sababu ya kusema yalla, yaishe, Lynette alikuwa shuleni hapahapa, kodi ya nyumba ilikuwa inangoja, na mama Rasoa alikuwa anatibiwa macho kule Kenya kwa mshahara huo huo. Sisi ndugu zake tulimshauri anyamaze, wote, wa kule kwa simu na wa huku ana kwa ana, kwa zamu, na kila mmoja akiwa na methali yake, wa mkono mtupu haulambwi, wa mchumia juani, wa usitukane mamba, akatusikiliza kwa adabu mpaka tulipokwisha. Asubuhi ya siku ya kikao cha kuipitisha tathmini Sammy, ambaye hakuwa ameshauri lolote, aliamka mapema akampigia pasi blauzi yake nyeupe, akaitundika mlangoni, akaenda kazini, na Agneta akaivaa, akaenda akasema maandishi yake hayabadiliki hata nukta.

Ngao ilirudishwa kwenye ligi. Tarehe 1 Julai 2023 Agneta alivuliwa kazi ya tathmini akabakizwa kocha, na wapo ofisini waliosema hata hiyo ni huruma, kwamba amelidhalilisha jina la chuo, wakapita mbele yake kwenye kantini bila salamu. Lakini bwana Musallam, pamoja na hasira zake zote, alitia sahihi kibali chake cha kuendelea na kazi, na lile kabati la kioo la mlangoni akaliacha tupu, hakuweka kikombe kingine wala maua, hivyo kila mgeni alikuwa akiuliza hapa palikuwa na nini, naye akalazimika kueleza, mwanzoni kwa kununa, baadaye kwa kuzoea, na mwishowe, anasema mwenyewe, ilikuwa ndiyo sehemu ya ofisi aliyopenda kuonyesha.

Tusidanganyane kwamba Khamisa alipoingia uwanjani nyota iliwaka. Siku ya kwanza alipiga mpira wa kuanzia ukagonga wavu, akapiga wa pili ukaenda kwa watazamaji, seti ikapotea, na watu wakaanza kunung'unika wazi kwamba hii ndiyo haki mliyoitaka, na Agneta akasimama pembeni na kumwacha aendelee, akisema kwamba binti hakuwahi kudai kuwa anajua, alidai kucheza, na ujuzi wa benchi nani ameuona? Mwezi Oktoba aliipeleka timu yote mjini Hatta kwa mazoezi ya milimani, akawakataza kula kwa makundi yao waliyoyazoea, wapike chungu kimoja, kila siku zamu ya mmoja, na ndipo Khamisa alipokula ugali kwa mrenda, ile mboga yetu ya majani inayoteleza, mara ya kwanza, akauvuta mrenda ule ukavutika, ukavutika, mpaka akasimama juu ya kiti akauliza unakatwa kwa mkasi au kwa dua. Msimu ule walimaliza nafasi ya nne. Uliofuata wakamaliza ya tatu, na hawakuwahi kuchukua kombe, ila kapu la jezi lilikuwa zito, na Agneta aliwaambia makocha wenzake neno lililozoeleka kwenye ligi yao, kwamba, "Usinihesabie vichwa, nishikishe jezi." Mwezi Septemba 2024 bwana Musallam alimrudishia kazi yake ya tathmini, na vyuo vingine viwili vikamwomba aje azishike jezi zao.

Mwezi Novemba 2024 Agneta alianza kulalamika maumivu ya tumbo yaliyokuwa yakipenya hadi mgongoni, akayafanyia mzaha, akanywa maji ya tangawizi, na tarehe 21 Januari 2025, baada ya vipimo, madaktari walimweleza kwamba ana saratani ya kongosho. Alifanyiwa upasuaji mwezi Februari, akapata nafuu, akarudi uwanjani akiwa amekonda lakini kipenga kikiwa shingoni, kisha mwezi Aprili hali ikambadilikia akalazwa tena. Ni katika wiki hizo Khamisa alipocheza mechi yake ya mwisho kabla ya kuhitimu, na ilipokwisha hakwenda kwenye picha na chakula, aliitia jezi namba kumi na moja kwenye mfuko wa plastiki akaenda nayo hospitali, muuguzi akamzuia kwa haki kabisa, harufu yenyewe ilikuwa ya kuzuiwa, lakini Agneta akaomba mfuko ufunguliwe, akatia mkono ndani, akaikamuakamua ile jezi iliyolowa jasho, na akacheka mpaka mashine ya kando ya kitanda ikalia. Hakuuliza nani ameshinda. Walikuwa wameshindwa.

Tangu hapo Bi Badriya alipeleka uji kila siku, na Khamisa alikaa naye adhuhuri Sammy akiwa kazini na Lynette akiwa shuleni, akimkanda miguu, akimsomea habari, akimgombeza ale, na pale hospitali iliposema ni jamaa tu wanaoruhusiwa kuingia, mhudumu wa zamu alimuuliza Khamisa wewe ni nani kwake, akajibu ni binti yake, mhudumu akautazama uso wa huyu na uso wa yule, akamgeukia mgonjwa kwa mashaka, na Agneta akamwambia kwamba amefanana na baba yake. Sammy amekubali lawama hiyo kwa roho safi. Tarehe 9 Februari 2026, asubuhi, jua likiwa limeshachomoza, mwalimu wetu alivuta pumzi ya mwisho akiwa mikononi mwa Sammy, Lynette na Khamisa, akiwa na umri wa miaka arobaini na sita.

Sasa tunafika mahali panapotajwa aliowaacha, na familia inaona isiwafiche kwamba hapa palitushinda kwa siku mbili. Rasimu iliyotoka nyumbani ilisema marehemu ameacha mume na mtoto mmoja, na Khamisa akatiwa kwenye fungu la wanafunzi na marafiki wengi, tukasema hapana, haiwezekani, basi wazee wakakubali kwa ukarimu aandikwe, mtoto wa pili, Khamisa, ipendeze, ila siku ya mazishi pale Wodanga akae kwenye hema la wageni, kwa kuwa watoto wanaosimama kando ya jeneza na kutia udongo wa kwanza ni wa damu, ndiyo desturi, na tena huyu ni wa dini nyingine na wa nchi nyingine, watu watasema nini. Wengi wetu tukaona hiyo ni njia ya busara. Lynette peke yake ndiye aliyekataa, akawaambia wajomba zake kwenye simu, "Basi msimwandike kabisa. Mama alirudisha ngao kwa ajili ya jambo hilihili."

Kaka zetu wazee wa kanisa wakakohoa kila mmoja kwa wakati wake, na aliyesema ni mama Rasoa, ambaye hakuna aliyejua kwamba yupo anasikiliza, akasema, "Ninyi wawili mlimwokotesha huyu mtoto wangu mpira mpaka akaukalia, nami niliwaona. Binti aje, avae kitambaa cha msiba kama mwenzake, asimame na mwenzake, na mwenye neno aje aniambie mimi." Hakuna aliyekwenda kumwambia. Bi Badriya alipoombwa ruhusa alisema, "Mchukueni, keshakuwa wenu huyo, lakini mnirejeshee," na Ijumaa, Mungu akipenda, Khamisa atapanda ndege moja na mwili wa Mwalimu, pamoja na Sammy na Lynette, kuelekea nyumbani Vihiga.

Familia inawashukuru kwa moyo wote madaktari na wauguzi waliomhudumia, na yule muuguzi wa ule mfuko wa plastiki hasa, inamshukuru bwana Musallam na idara yote ya michezo, wachezaji wa sasa na wa zamani, inamshukuru Nuwa aliyebadilishana zamu ili aje, na redio yake leo ni nzima, inawashukuru majirani wa Al Rigga waliopika na kufagia nyumba isiyo yao, kanisa, Wakenya, Watanzania na Waganda mliochanga kwa ajili ya safari, na nyumba ya Bi Badriya ambayo hatuna la kuilipa ila kuwa ndugu zao. Marehemu ameacha mama, Rasoa Imali, ameacha mume, Sammy Amugune, ameacha kaka na dada, na ameacha watoto wawili. Desturi yetu ni kwamba wakitajwa watoto hawatajwi tu, huitwa, nasi tunaianza hapahapa Dubai kabla hatujafika Wodanga.

Watoto wa marehemu, naomba msimame. Lynette. Khamisa.

Dada, wamesimama wote wawili. Pumzika kwa amani.